Mizigo ya Njiani Ikishikwa na Duane



Vitu vingine vya madukani Kasongo na Kabambare vinashuka melini Dar es Salaam, vinapanda reli mpaka Kigoma, kisha vinavuka ziwa mpaka Kalemie. Njia hiyo ina sheria yake tangu zamani. Tarehe 15 Machi 1921 Waingereza na Wabelgiji walipatana kwamba mizigo ya Kongo ipite pale bila ushuru.

Juu ya nini bila ushuru? Juu mizigo ya kupita haitatumiwa katika inchi ile. Lakini makaratasi yawe sawasawa, lakiri isivunjwe, na dhamana iwekwe. Kimoja kikikosekana, duane inaweza kuishika. Pale ndipo mashauri yanaanza.

Mwenye mali afanye nini? Kelele haisaidii. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania, inampa siku 30 kuandika kwa mkuu wa forodha na kueleza sababu zake. Mkuu naye ana siku 30 za kujibu, tangu apate barua na habari alizoomba. Akinyamaza, inahesabiwa kwamba amekubali! Akikataa, kuna baraza la rufani.

Lakini mali iliyokamatwa isipodaiwa kwa maandishi ndani ya mwezi 1, imepotea.

Basi sisi tunaojua kuandika tusaidie wazazi wetu wafanyabiashara: tutunze kila karatasi, na tuhesabu siku.