Herufi moja yaweza kumtwika mtu deni asilokuwa nalo

MAJUZI nilikuwa Karagita, ule mtaa uliosongamana watu kando ya barabara ya Moi South Lake, kusini mwa Ziwa Naivasha. Nilikwenda kumjulia hali ndugu yangu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua na sasa amestaafu. Baada ya chai alinitolea jarida la klabu yao, kurasa 24 za rangi, akaniambia: “Kaka, wewe ndiwe profesa wa Kiswahili. Hebu soma hili utuambie kama shida ni macho yetu au ni hao walioliandika.”

Klabu yenyewe sitaitaja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Ilianza kama timu ya kandanda ya vijana wa mashamba ya maua, ikakua, na siku hizi ina mfuko wa kuweka na kukopa, mfuko wa mazishi, na jarida la wanachama. Wanachama hao wametoka pembe nyingi za Kenya: Waluhya, Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Wakisii, Waturkana. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na ndiyo sababu jarida lao huandikwa kwa Kiswahili. Kwa hilo wanastahili pongezi.

Nilianza kusoma nikitabasamu. Ukurasa wa tatu uliwatakia afueni wanachama walioumia katika “hajali ya barabarani”. Ajali ni tukio la kuumiza. Hajali husemwa kwa mtu asiyejali. Ukurasa wa tano uliwahimiza wanachama wafike “mahari pa mkutano” ili “wapige kula” na kuchagua viongozi wapya. Mahari hupelekwa kwa wazazi wa bi harusi. Na kula, msomaji wangu, hakuhitaji debe wala karani, ingawa wapo watakaosema kwamba katika siasa zetu kura na kula ni majirani wa tangu jadi.

Makosa ya aina hii yana asili yake. Wengi wetu Kiswahili tulikikuta njiani. Lugha zetu za kwanza hutufanya tubadilishane L na R, tudondoshe H inapohitajika na kuipachika isipotakiwa. Katika mazungumzo si neno, asiyeelewa atauliza. Kwenye karatasi hakuna wa kuulizwa. Kompyuta nayo haitakuokoa, kwa kuwa kula, mahari na hajali ni maneno halali ya Kiswahili. Mashine haijui ulitaka kusema nini.

Tabasamu langu liliishia ukurasa wa tisa. Hapo palikuwa na orodha ya wanachama na hali ya mikopo yao. Mbele ya kila jina paliandikwa “ana deni” au “hana deni”. Ndugu yangu akaweka kidole kwenye jina moja, kisha akatuma mtoto amwite mwenyewe, mama mmoja anayeishi ploti ya pili.

“Profesa, mimi nilimaliza kulipa mwezi wa tatu,” mama yule aliniambia. “Risiti ninazo zote. Lakini hapa kwetu watu wanaamini kilichopigwa chapa kuliko risiti yangu.” Alikuwa ameomba mkopo mwingine ili mwanawe aingie shule ya sekondari. Jarida lilipotoka likisema “ana deni”, wadhamini wake wawili wakajitoa. Mkopo ukakwama, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Ilikosekana H moja. Tuitazame kisarufi. Katika sina, hatuna na hawana, ukanushi unaonekana waziwazi. Ukidondosha H pekee kwenye hatuna au hawana, hutabaki na neno la maana. Lakini katika nafsi ya pili na ya tatu umoja, kitenzi hiki hubakiwa na uzi mwembamba sana kati ya ndiyo na la. Ukiondoa H kwenye huna, unapata una. Ukiiondoa kwenye hana, unapata ana. Vivyo hivyo hatalipa na atalipa. Mhariri aliyezoea kusema “abari ya asubuhi” anaweza kumgeuza mwadilifu kuwa mdaiwa, na jicho lake lisione kitu.

Nilipokutana na kijana anayelihariri jarida hilo, alinijibu kwa unyenyekevu lakini bila wasiwasi: “Prof, si hiyo ni H tu? Watu wataelewa.” Nikamuuliza: “Wewe ulipoisoma, ulielewa?” Akanyamaza.

Sikutaka kumwonea, maana kosa hili limewakuta wakubwa kuliko yeye. Mwaka 1631, Robert Barker na Martin Lucas, wapiga chapa wa mfalme wa Uingereza, walitoa toleo la Biblia ambamo neno dogo la kukanusha liliponyoka katika amri ya kukataza uzinzi. Amri ikawa inaagiza kile ilichopaswa kukataza. Wapiga chapa hao walitozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni. Kwa Kiswahili ingekuwa ni sawa na kudondosha silabi moja tu, -si-, katika usizini.

Nami pia yalinipata. Katika tasnifu yangu ya uzamifu nilikusudia kuwashukuru wenzi wangu wa chuoni. Niliisoma kazi ile mara nyingi hata nikaikinai. Ilipokwisha kujalidiwa ndipo nikaona kwamba nimewashukuru “wezi wangu”. Mwandishi husoma kilicho kichwani mwake, si kilicho kwenye karatasi. Ndiyo maana hafai kuwa msomaji wa mwisho wa kazi yake mwenyewe.

Hata hivyo, yalinitia hofu zaidi makosa ya aina ya pili, yasiyo na doa lolote la tahajia. Makala ya kuwafahamisha wanachama historia ya Naivasha ilidai kwamba maji ya ziwa hilo ni ya chumvi kama ya Nakuru na Elementaita. Si kweli; Ziwa Naivasha ni la maji baridi. Ilidai kwamba Joy Adamson, mwandishi wa Born Free, aliuawa nyumbani kwake Elsamere, kando ya ziwa. Aliishi hapo, naam, lakini aliuawa Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, Isiolo. Tena ikasema mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa saini Naivasha. Mazungumzo yalifanyika huko, na itifaki kadhaa zikatiwa saini huko mwaka 2004, lakini mkataba kamili ulitiwa saini Nairobi, Januari 9, 2005.

Sentensi hizo zote zilikuwa na sarufi safi. Hapo ndipo penye hatari. “Kupiga kula” hujianika; msomaji hucheka na kujisahihishia. Kosa la ukweli huja limevaa suti, na mtoto wa darasa la sita atalinukuu katika insha yake kwa sababu “lilikuwa kwenye kitabu cha baba”.

Yapo pia makosa yaliyo kati na kati. Jarida lilitangaza mwisho wa kupokea maombi ya mikopo kuwa Juni 31, siku ambayo haipo kwenye kalenda yoyote. Mkutano mkuu ukaitishwa “saa tisa asubuhi”. Bila shaka mtu aliichukua tisa ya Kiingereza akaihamisha nzima nzima, akisahau kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza, na kwamba hiyo ni saa tatu. Ndugu yangu anasema wengine walifika saa tatu asubuhi, wengine saa tisa alasiri. Wa kwanza walichoka wakaenda zao kabla wa pili hawajafika. Akidi haikutimia, na uchaguzi ukaahirishwa.

Basi vifanyike nini? Kusoma prufu hakuhitaji shahada. Kwanza, wakae watu wawili: mmoja asome rasimu ya awali kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye nakala iliyopangwa. Pili, majina, tarakimu na tarehe vipitiwe peke yake, kalenda na daftari la mweka hazina vikiwa mezani. Tatu, kila kitenzi cha kukanusha kipigiwe mstari na kusomwa upya. Nne, kila dai la historia liulizwe: nani kasema, na wapi? Lisilo na jibu litolewe. Na kamusi iwe karibu, hata ikiwa kuukuu.

Kosa likishapita, lisahihishwe palepale lilipotokea. Kijana yule alitaka kuomba msamaha kwenye kundi la WhatsApp tu. Nilimwambia hapana. Mama yule aliharibiwa jina kwenye karatasi, na karatasi ndiyo itakayomsafisha: ukurasa uleule wa tisa, kwa herufi za ukubwa uleule. Wadhamini wake nao wapelekewe nakala mkononi, bila kungoja toleo lijalo, kwani karo haingoji.

Alikubali. Jumatatu alinitumia rasimu ya masahihisho nipitishe macho. Jina la mama limeandikwa sawasawa, H imerudi mahali pake, na tarehe aliyomaliza kulipa imetajwa. Sentensi ya mwisho inasema: “Tunaomba rathi kwa usumbufu.”

Nimeizungushia kalamu nyekundu na kumrudishia. Ni radhi, kijana wangu. Tuko njiani.