Wauza samaki Majanji wapima upya faida ya gari kubwa

KWA miaka mingi katika ufuo wa Majanji, wilayani Busia, Uganda, ukubwa wa mfanyabiashara wa samaki ulipimwa kwa ukubwa wa gari lake. Mwenye baiskeli alikuwa mchuuzi tu. Mwenye pikipiki alikuwa kijana anayejitafutia. Lakini mwenye Land Cruiser ya dizeli aliitwa tajiri, hata kama madeni yalimfika shingoni.

Siku hizi hesabu imebadilika. Baadhi ya matajiri hao wameuza magari yao makubwa na kununua Toyota Probox, gari dogo la petroli ambalo zamani walilicheka.

Mmoja wao ni mjomba wangu. Land Cruiser yake ilikuwa na injini ya lita 4.2 yenye silinda sita, iliyoweza kubeba karibu tani moja ya mzigo na kupita kwenye matope yaliyowashinda wengine. Wakati huohuo binti yake alikuwa akirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karo. Sisi walimu tunaijua hali hiyo: gari kubwa uani, mtoto mlangoni na sanduku lake.

Si kwamba gari hilo lilikuwa bovu. Lilinunuliwa kwa sababu nzuri. Enzi hizo mvua ikinyesha, njia ya kwenda ziwani iligeuka uji wa matope, na samaki hawangoji njia ikauke. Mbuta walikuwa wengi na gari lilijaa.

Sababu hizo zimeondoka moja baada ya nyingine. Kwanza, barabara inayotoka Musita kupitia Lumino hadi Busia na Majanji imewekwa lami. Nguvu iliyohitajika kwenye tope haina kazi kubwa kwenye lami.

Pili, mzigo umepungua. Mwaka 2017, wanajeshi wa Uganda walianza kusimamia sheria za uvuvi ziwani na kuwasaka wanaovua samaki wachanga. Wachuuzi wengi wadogo hawapati tena shehena za kujaza gari la tani moja kila siku. Gari likisafiri nusu tupu, mwenyewe hulipia mafuta ya kubeba hewa.

Tatu ni mafuta yenyewe. Januari 2022, madereva wa malori waligoma kupimwa Covid-19 mipakani Busia na Malaba, na katika baadhi ya maeneo ya Uganda lita moja ya petroli ikapita shilingi 10,000. Kabla ya mwaka huo kwisha, vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei tena.

Hebu tufanye hesabu, msomaji. Tuchukue kwamba gari kubwa linakunywa lita 14 kwa kilomita 100, na Probox lita saba. Kwa bei ya shilingi 6,000 kwa lita, la kwanza linataka shilingi 84,000 na la pili 42,000. Hapo bado hujagusa magurudumu, wala pampu ya dizeli ambayo ikiharibika humlaza mtu macho.

Hata hivyo, gari dogo lina mipaka yake, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Probox ikiwa na watu wawili tu mbele imeundwa kubeba kilo 400. Samaki wabichi katika joto letu wanahitaji barafu, na kanuni njema ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kwa hivyo kilo 400 hizo ni samaki wasiofika 200, ukiondoa pia uzito wa sanduku.

Anayepunguza barafu ili aongeze samaki anacheza na soko la wote. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga milango yake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutokana na habari za uvuvi wa sumu, na waliotaabika ni hata wale ambao hawakuwahi kushika sumu. Jina baya la samaki halichagui mwenye kosa.

Tena, anayetaka kuvuka na gari hilo hadi upande wa Kenya akumbuke kibali cha forodha na bima ya COMESA. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, kimepunguza foleni lakini hakikufuta makaratasi.

Katika mji huu ambako jina la bodaboda lilizaliwa, kubeba mzigo kwa chombo kidogo si aibu. Baiskeli zilivusha watu na bidhaa mpakani miaka mingi kabla ya pikipiki kuja, na zikasomesha watoto.

Sisi tuliosomea uhamishoni Kenya, baada ya wazazi wetu kukimbia vurugu za miaka ya 1980, tulifundishwa jambo hilo mapema. Siku ya kuondoka, mtu haulizi kitu kipi kinampa heshima, anauliza kipi kitamfaa huko aendako.

Mjomba hakuridhika upesi. Aliniambia kwamba watu ufuoni walimpa pole kana kwamba amefiwa, na wengine wakaacha kumwita tajiri. Kwa mtu wa umri wake, hilo si jambo dogo.

Ushauri wangu kwa anayefikiria hatua hiyo ni rahisi. Kwa mwezi mmoja, andika kwenye daftari uzito wa mzigo wa kila safari. Ikiwa siku nyingi unapita nusu tani, usiuze gari lako kwa kufuata mkumbo. Ikiwa huvuki kilo 200, daftari limekwisha kukujibu.

Land Cruiser ile sasa iko mikononi mwa fundi mjenzi, inabeba mawe na saruji kwenye njia ambazo bado hazijaonja lami. Hiyo ndiyo kazi inayoiweza. Binti naye yuko darasani, karo ya muhula imelipwa, na wapo ufuoni wanaoendelea kumpa baba yake pole.