Mbuga Isiyo na Lango: Golbanti na Delta ya Tana

Mtanzania anayepanga kwenda kutalii Kenya huulizwa na ndugu zake swali moja la haki: unafuata nini huko ambacho hapa hatuna? Maasai Mara ni mwendelezo wa Serengeti, na nyumbu wanaopigwa picha kule ndio hawa hawa wa kwetu. Amboseli imekaa chini ya Kilimanjaro, na Tsavo Magharibi imepakana na Mkomazi. Anayekwenda huko atawaona wanyama anaowajua. Lakini Kenya inayo nchi moja ambayo haina pacha wake kwetu, nayo haimo katika kalenda za watalii: Tana ya chini, kuanzia misitu iliyo kusini mwa Hola, kupita Garsen na Golbanti, hadi mto unapoingia baharini Kipini. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba kivutio cha huko ni mafuriko yenyewe pamoja na watu wanaoishi kwa mafuriko hayo, na kwamba kila aliyejaribu kukitenga kivutio hicho na watu wake, awe mhifadhi au mwekezaji, ameshindwa.

Tuanze na nchi ilivyo. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000. Maji yake yanatoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yanapita katika nyika kavu ya Garissa ambako mvua ni ya kubahatisha, kisha yanateremka kusini polepole, mto ukijipinda kama nyoka na mara nyingine ukihama mkondo kabisa na kuviacha vijiji vilivyokuwa ukingoni vikiwa mbali na maji. Chini ya Garsen ardhi inalala na mto unagawanyika. Hapo zinaanza mbuga za majani zinazofunikwa na maji kwa msimu, maziwa madogo kama Shakababo na Bilisa, mashamba ya mpunga, miembe na migomba iliyosongamana juu ya kingo za matope, na mwisho mikoko na vilima vya mchanga vya pwani. Mwaka 2012 eneo la hekta 163,600 la delta hii liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Barabara ni ya lami: kutoka Malindi hadi Garsen ni kama kilomita 110, ukipita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, na baada ya mandhari makavu ya njia nzima macho yanashtuka yanapokutana na kijani kile.

Golbanti iko ndani ya kijani hicho, jirani na Ngao na Tarasaa, na historia yake ni kubwa kuliko kijiji. Katika miaka ya 1880 wamisionari Wamethodisti wa Kiingereza, ambao tayari walikuwa na kituo Ribe karibu na Mombasa, walifungua kituo hapa kwa nia ya kuwafikia Waorma, waliowaita Wagalla. Mei 1886 Wamaasai walivamia, wakawaua mmisionari John Houghton na mkewe Annie pamoja na wenyeji. Wajerumani nao wakajenga misheni yao Ngao. Wote walifuata jambo lilelile: hapa ndipo watu wa jembe, Wapokomo, na watu wa mifugo, Waorma, walipokutana, kwa kuwa hapa ndipo palipo na maji.

Kwa upande wa wanyama, msafiri asitafute simba. Atazame ndege kwanza. Mafuriko yakishuka, samaki hubaki katika vidimbwi na nyasi zilizolala, na ndege huja kwa maelfu: korongo wa aina nyingi, yangeyange, kwarara, domomwiko, mwari na mnandi. Karibu na Garsen, mwaka ambao maji yametosha, ndege hawa hujenga matago yao pamoja, jamii kadhaa katika miti ileile iliyosimama majini, matawi yakawa meupe kwa mavi na kelele zikasikika kabla ya kiota kuonekana. Mwaka ambao maji hayakutosha, miti hiyo hukaa bila ndege. Viboko na mamba wamo mtoni kote, na nyamera hula katika mbuga za delta. Ng'ambo ya mashariki, upande wa Ijara, wananchi wa Ishaqbini walimtengea hirola eneo lililozungushiwa ua mwaka 2012. Swala huyo anayesifika kwa alama mithili ya miwani usoni hana zaidi ya mia chache waliobaki porini duniani.

Lakini walio wa Tana peke yake ni nyani wawili wa misitu ya ukingoni: mbega mwekundu wa Tana na ngolaga wa Tana, kima mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu. Hawapatikani popote pengine duniani, na makadirio ya watafiti kwa kila mmoja yanazungukia elfu moja. Mbega hukaa juu, akila majani machanga ya mikuyu na miti mingine inayopenda maji. Ngolaga hutumia muda mwingi chini, akipekua majani makavu kwa vidole kutafuta mbegu na wadudu. Ukimfuatilia ngolaga utafika kwenye mkindu, kwa sababu tunda la mkindu ni chakula chake kikubwa. Na chini ya mkindu huohuo utakuta dalili za binadamu: makuti yamekatwa kwa ajili ya mikeka, shina limegemwa tembo. Mkuyu anaokula mbega ndio pia Mpokomo anaouchonga mtumbwi. Mnyama na mtu hapa hawagawani mipaka, wanagawana miti, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama.

Mwaka 1976 serikali ya Kenya ilitenga Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana, kama kilomita za mraba 170, ili kuwalinda wanyama hao wawili. Nia ilikuwa njema. Mpaka ulichorwa juu ya mashamba na vijiji vya Wapokomo, na katika miaka ya 1990 mradi uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia ukafikiria kuwahamisha waliokuwa ndani. Wananchi wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Miaka thelathini ya mpaka ikafutika. Wapo wanaosema kwamba huo ni ushahidi wa hatari ya kuwasikiliza wanavijiji: mti ukikatwa, mbega hana pa kwenda, na jembe limekula msitu kweli. Silikatai hilo. Misitu ya Tana ni vipande vipande, na kilimo kimo katika sababu. Lakini mpaka wa mwaka 1976 haukuzuia hata sababu iliyo kubwa zaidi, ambayo inatoka juu mtoni. Mikuyu na mikindu ile huota kwa kunywa maji ya mafuriko na maji yanayojipenyeza ardhini kutoka mtoni. Kindaruma ilijengwa mwaka 1968, ikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo matano yanaipa Kenya umeme, na pia yameipunguzia Tana ya chini nguvu ya mafuriko yake ya kawaida, wakati mafuriko makubwa ya maafa, kama ya El Niño ya 1997 na 1998, bado hupita. Hakuna askari wa wanyamapori anayeweza kumkamata mtu anayefunga maji kilomita mia kadhaa juu ya msitu. Sisi tulioanza kujaza bwawa la Julius Nyerere Desemba 2022, huku Rufiji ikiwa na delta yake na kilimo chake cha mafuriko, tuna sababu ya kuisoma Tana kwa makini kuliko watalii wengine.

Pingamizi la pili ni la usalama, nalo ni zito. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 Wapokomo na Waorma waliuana, vijiji vikachomwa, zaidi ya watu 100 wakafa. Inawezekanaje kuwaita watu hao walinzi wa delta? Jibu liko katika jinsi nchi inavyotumika. Mpokomo analima ukingo wakati maji yanashuka. Mworma anaipeleka mifugo mbali mvua inaponyesha, kisha kiangazi anairudisha mtoni kwa njia za ng'ombe zinazoitwa malka. Wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo na wa Matadeda kwa upande wa Waorma walikuwa na kazi ya kuzilinda njia hizo na kusuluhisha shamba lililolishwa. Mafuriko yanapopungua, majani ya kiangazi yanapungua. Malka inapolimwa, au ardhi kubwa inapoahidiwa mtu wa mbali, mifugo haina pa kupita isipokuwa shambani. Siasa za uchaguzi ziliongeza moto, lakini kuni zilikuwa hizo. Ugomvi ulitokana na kuvunjwa kwa utaratibu uliokuwa ukiitunza delta, kwa hiyo hauwezi kuwa sababu ya kuuacha.

Wa tatu watasema kwamba uzuri haulishi watu, na miwa ingeleta ajira. Hoja hiyo ilijaribiwa. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi ilikwishajenga mradi wa mpunga kwa kingo na mifereji, na El Niño ikazivunja kingo. Baadaye mamlaka hiyo, ikishirikiana na kampuni ya sukari ya Mumias, ikapanga miwa kwenye hekta zipatazo 20,000, na mwaka 2008 ikapata kibali cha mazingira. Wakulima na wafugaji, wa makabila yote mawili, wakashtaki pamoja. Februari 2013, wiki chache tu baada ya mauaji yale, Mahakama Kuu ikaamuru kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itungwe kwa kuwashirikisha wakazi. Mumias yenyewe iliangukia mikononi mwa benki iliyokuwa ikiidai mwaka 2019. Wakazi wa delta wangekuwa wamepoteza mbuga ya malisho kwa ajili ya kiwanda ambacho hakikujiweza hata kwao.

Kwa hiyo mgeni anayetaka kuiona Tana aende kwa mlango wa kijiji. Mfano tunao Zanzibar: kima punju wa Jozani hula katika mashamba ya watu, na sehemu ya kiingilio hurudi kwa wenye mashamba na vijiji, ndiyo maana kima wanavumiliwa. Wapokomo wa Ndera wameanzisha hifadhi yao ya jamii yenye misitu ya mbega ndani yake, na mlipaji anajua fedha inakwenda kwa nani. Kuna pia mambo mengine ambayo mwenyeji tu ndiye anayeweza kuyaeleza. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitolewa kwenye bembelezi ya Kipokomo. Ngoma yao takatifu, ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na imo ghalani mwa British Museum, London. Huko Ozi na Kipini hadithi za Fumo Liyongo ni za nyumbani, na magofu ya Ungwana yako pwani karibu na hapo.

Msafiri aende Januari hadi Machi au Julai hadi Septemba, njia zinapokuwa kavu, isipokuwa kama anafuata matago ya ndege, ambayo yanahitaji msimu wa maji na uvumilivu wa matope. Abebe chandarua. Kabla ya kupita Minjila kuelekea Witu na Lamu aulize hali ya barabara kwa polisi na madereva, kwani tangu shambulio la Mpeketoni la 2014 ulinzi wa njia hiyo hubadilika. Garsen ina vyumba vya kawaida, chai na samaki wa mtoni. Kutoka hapo akodi mwenye mtumbwi, si gari, maana sehemu kubwa ya nchi hii huonekana kutoka majini, na mpiga kafi wa Kipokomo anajua viboko wamelala wapi asubuhi ile.