Mabadilishano ya Data Nairobi: Chanzo na Utendakazi wa KIXP

Hadi mwishoni mwa mwaka wa 2000, barua pepe iliyotumwa kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi nyingine iliyo mkabala nayo ingeweza kuzuru ng'ambo kwanza. Iwapo ofisi hizo zilihudumiwa na kampuni tofauti za intaneti, ujumbe ulirushwa hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ukashuka Ulaya au Marekani, kisha ukarejea kwa njia kama hiyo. Jibu nalo lilifanya safari iyo hiyo, hivi kwamba kwenda na kurudi kulichukua takriban sekunde nzima, msongamano usipohesabiwa. La kushangaza zaidi, majirani hao walikuwa wakigharimia mawasiliano ya kimataifa.

Kampuni za intaneti huhusiana kwa njia mbili kuu. Aghalabu kampuni ndogo huilipa kubwa ili iifikishie data kokote duniani. Nyakati nyingine kampuni mbili hukubaliana kupokezana data ya wateja wao pekee, mara nyingi bila kulipana. Maadamu kuunganisha kila kampuni na kila nyingine ni gharama (kampuni 10 zingehitaji viungo 45), huteuliwa mahali pamoja penye swichi. Kila kampuni huleta waya wake hapo, na ruta yake huzitangazia nyinginezo anwani inazohudumia.

Chama cha watoa huduma hizo, TESPOK, kilifungua kituo cha aina hiyo, KIXP, mnamo Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa kupitisha data ya kimataifa, ililalamika, na Desemba Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaamuru kifungwe. Hoja ya TESPOK ilikuwa nyepesi, na kwa kweli ni vigumu kuipinga: data isiyovuka mpaka haiwezi kuvunja ukiritimba wa safari za nje. Hata hivyo, karibu mwaka mzima ulipita kabla ya leseni kutolewa Novemba 2001. Kituo kilifunguliwa upya Februari 2002.

Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka wa 2009 hazikukiondolea kituo umuhimu wake, kwani njia ya nje ingali hulipiwa. Aidha, kampuni kubwa za kigeni, Google ikiwa miongoni mwazo, zimeleta nakala za data yao karibu na swichi hiyo, zikamfikia Mkenya bila kuvuka bahari.