Jani Lisilonyauka

Ukumbi wa wanyama wa Afrika katika jumba la makumbusho la New York ulifunguliwa mwaka 1936. Wageni hukodolea macho gorila, wasiyaone majani. Kumbe kazi i majanini! Ngozi ya mnyama ni yake mwenyewe, bali jani bichi hunyauka. Basi fundi alilitoa kalibu ya plasta, akashindilia humo nta na pamba, akalipaka rangi mshipa kwa mshipa. Huo, kwangu mimi, ni uongo wa halali. Carl Akeley, aliyeubuni ukumbi huo, alifia mlima Mikeno, Kongo, mwaka 1926, akazikwa papo hapo. Wenzake wakaendelea kukusanya mimea. Gorila wale wa New York wamesimama kwenye majani ya mlima huo huo.