Ndege inakimbilia majanini wakati wa kupaa? Usilaumu kompyuta kwanza

Leo tuongelee ule ugonjwa maarufu. Umesukuma nguvu zote, Cessna inaanza kukimbia, mara pua inageuka kushoto na safari inaishia majanini. Unarudia, yale yale. Dakika za kafe zinakwenda na hujaruka hata mara moja. Wengi hapo wanasema gemu bovu au kibodi imekufa, kumbe mara nyingi gemu inaiga ndege ya kweli vizuri tu.

Kwa nini kushoto?

Ukikaa kiti cha rubani, propela ya Cessna 172 (lile pangaboi la mbele) inazunguka kama mishale ya saa. Hapo yanatokea mambo matatu:

- Injini ikizungusha propela kulia, mwili wa ndege unasukumwa kulalia kushoto, gurudumu la kushoto linakandamizwa zaidi.
- Upepo wa propela unauzunguka mwili wa ndege na kupiga mkia ubavu wa kushoto. Mkia unaenda kulia, pua inaenda kushoto.
- Pua ikinyanyuka, panga linaloshuka upande wa kulia linavuta zaidi kuliko linalopanda kushoto.

Nguvu ikiwa nyingi na spidi bado ndogo, ndiyo balaa zaidi. Hata rubani wa Cessna Caravan, zile zinazopeleka abiria Zanzibar, anakanyaga pedali ya kulia wakati wa kupaa.

Mchawi ni nani?

1. Chukua jeti, mfano Boeing 737. Haina propela. Ikienda sawa, basi tatizo lako ni propela, nenda kwenye dawa hapo chini. Nayo ikivuta upande, endelea kutafuta.

2. Weka hali ya hewa shwari. Upepo wa ubavuni unausukuma mkia, na pua inageukia kule upepo unakotoka.

3. Iache joistiki bila kuigusa, halafu itazame ndege kwa nje. Usukani wa mkiani ukipinda au kutetemeka wenyewe, joistiki imechoka. Kwenye Windows fungua Control Panel, ingia Game Controllers, uipime upya. Ikigoma, ichomoe utumie kibodi.

4. Ndege ya injini mbili? Hakikisha zote zina nguvu sawa. Kwenye FSX, mtu akibonyeza E halafu 1, nguvu inaenda injini ya kwanza peke yake. Bonyeza E, 1, 2 kuzirudisha zote.

Dawa yenyewe

Kwenye FS2004, FSX na FlightGear, usukani wa mkiani uko kwenye vitufe vya namba vya kulia mwa kibodi: Enter ni kulia, 0 kushoto, 5 katikati. Havikubali? Kwenye FS2004 na FSX, zima NumLock. Kwenye kompyuta ya kafe mpangilio unaweza kuwa umebadilishwa na aliyekutangulia, kwa hiyo hakikisha kabla hujaanza kukimbia.

Kwenye FSX usikimbilie F4 inayomwaga nguvu zote kwa mkupuo. Tumia F3, kidogo kidogo. Gusa Enter mara moja au mbili mapema, usisubiri pua igeuke kwanza. Spidi ikipanda, usukani unapata hewa zaidi, kwa hiyo punguza. Cessna 172 ikifika kama noti 55, vuta pua polepole.

Ukitaka mteremko, kwenye mipangilio ya Realism weka tiki kwenye Autorudder, na vitelezi vya P-factor na Torque vivute kushoto kabisa. Ndege itanyooka, ila hutajifunza kitu.

Angalizo: sio kila ndege inavuta kushoto. Spitfire yenye injini ya Merlin inavuta kushoto, ila yenye Griffon propela yake inazunguka kinyume, hivyo inavuta kulia. Usikariri kulia tu, angalia propela inazungukia wapi halafu kanyaga upande huo huo.

Majaribio yote haya ni dakika chache. Bora uzitumie hizo kuliko kulipa saa nzima ya kulima majani.

Ukikwama, taja gemu, ndege, na inavuta upande gani, tusaidiane. Nawasilisha.