Ufukwe wa Los Caños de Meca: Je, Familia ya Kiislamu Inafaa Kwenda?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Llahu alayhi wa sallam), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, familia nyingi za visiwani kwetu zina watoto na ndugu wanaosoma au kufanya kazi Ulaya. Likizo ya kiangazi ikifika, wengine hukutana kusini mwa Hispania ili waone athari za Andalusi: uliokuwa msikiti mkuu wa Córdoba na kasri ya Alhambra mjini Granada. Wakiwa huko huteremka hadi pwani ya Atlantiki, na moja ya fukwe zinazosifiwa sana ni Los Caños de Meca. Jina lake humvutia Muislamu, lakini kuna mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla hajawapakia watoto garini.

Mahali penyewe

Ufukwe huu upo mkoa wa Cádiz, katika eneo la mji wa Barbate. Upande wa magharibi kuna rasi ya Trafalgar yenye mnara wa taa, ambako tarehe 21 Oktoba 1805 manowari za Uingereza zilizishinda zile za Ufaransa na Hispania. Upande wa mashariki kuna magenge marefu, na juu yake msitu wa misonobari ambao ni hifadhi ya asili ya mimea na wanyama. Maji matamu hutiririka kutoka kwenye magenge hayo hadi mchangani, na hiyo ndiyo asili ya neno "caños", yaani mifereji.

"Meca" ndivyo Wahispania wanavyouandika mji wa Makka. Hilo lisimdanganye mtu. Jina haliupi ufukwe utukufu wowote, wala kuuzuru si ibada.

Athari ya Waislamu katika pwani hii ni ya kweli hata hivyo. Mji jirani wa Tarifa unaitwa kwa jina la Tarif bin Malik, aliyevuka kutoka Afrika mwaka 710, mwaka mmoja kabla ya Tariq bin Ziyad. Jina Trafalgar nalo limeanza na neno la Kiarabu "taraf", yaani ncha. Hata mitego mikubwa ya nyavu ambayo wavuvi wa Barbate huwanasia jodari kuanzia Aprili hadi Juni inaitwa "almadraba", neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kupigia.

Tangu miaka ya 1970 mahipi walianza kuja hapa, watu waliotaka kuishi wapendavyo mbali na miji. Hali hiyo ipo mpaka leo: ngoma za jioni, pombe, na wengine kuvuta bangi. Upande wa mashariki, chini ya magenge, wapo wanaume na wanawake wanaooga na kulala juani wakiwa uchi kabisa. Sheria ya nchi ya Hispania haiwakatazi.

Hukumu yake

Bahari haina kosa. Allah ametuhalalishia tuiangalie, tusafiri juu yake, tuvue na tuoge. Kinachohukumiwa ni kile anachokifanya mtu pale na kile anachojiingiza kwa makusudi kukiona.

Maulamaa wetu wa zamani walikutana na jambo linalofanana na hili, nalo ni hammamu, nyumba za kuogea za watu wote, ambamo wengine walikuwa wakivua nguo. Imepokewa na Imam at-Tirmidhi kutoka kwa Jabir (Radhiya Llahu anhu) makatazo ya kuingia humo bila ya shuka ya kujisitiri. Wengi katika maulamaa hawakuiharamisha hammamu yenyewe. Waliweka masharti: mtu ajisitiri, ainamishe macho yake, na asikae penye uchi ulio wazi. Kwa wanawake walikuwa wakali zaidi. Kwa kipimo hicho tunaweza kusema yafuatayo:

1. Kwenda upande wa mashariki, chini ya magenge, wakati watu wapo uchi, haifai. Katika Surat an-Nur, aya ya 30 na ya 31, wanaume na wanawake waumini wameamrishwa kuinamisha macho na kuhifadhi tupu zao. Anayejua kuna nini pale kisha akapeleka mkewe na watoto wake hawezi kusema ameona kwa bahati mbaya.

2. Upande wa magharibi, kuelekea rasi ya Trafalgar, ni mpana na una nafasi ya kujitenga. Kwenda huko mapema asubuhi, wakati watu ni wachache, ni jambo linaloruhusika kwa masharti ya stara. Mwanamume asitiri baina ya kitovu na magoti. Kaptula fupi ya kuogelea haitoshi. Mwanamke avae vazi pana lisiloonyesha rangi ya mwili wala kugandana nao likilowa, na aoge mahali ambapo wanaume wasio mahramu zake hawapo karibu. Hispania haina sheria ya nchi nzima inayokataza mavazi ya kuogelea ya stara. Nchini Ufaransa baadhi ya miji iliyapiga marufuku mwaka 2016, na tarehe 26 Agosti mwaka huo mahakama ya juu ya utawala ikasimamisha katazo la mji mmoja.

3. Ikiwa mzazi anajua kwamba kijana wake ana udhaifu katika jambo hili, au familia imefika na kukuta hali si kama walivyotarajia, waondoke. Kuzuia madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa.

Kijana anaweza kusema, "Hao ndiyo desturi yao." Ni kweli, na kwa sababu hiyo hatuwatukani wala hatuwapigi picha. Lakini desturi yao haiondoi wajibu wetu. Na tusidhani jambo hili ni la Ulaya peke yake: watoto wa Nungwi na Paje wanaliona karibu na milango yao. Mtoto aliyefundishwa kuchunga macho nyumbani ndiye atakayeyachunga ugenini.

Swala

Wakati wa kiangazi saa za huko huwachanganya wageni. Hispania hufuata saa za Ulaya ya kati ilhali ipo magharibi sana. Mwezi wa Juni Adhuhuri huingia karibu saa nane na nusu mchana, Magharibi karibu saa nne kasorobo usiku, na Isha baada ya saa tano usiku. Anayekisia kwa mazoea ya visiwani atakosea.

Kwetu kibla ni kaskazini. Huko ni mashariki, kukielekea kusini kidogo. Ukisimama Los Caños ukiitazama bahari, kibla kipo mkono wako wa kushoto.

Msafiri wa masafa ya kupunguza Swala anayo ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Kwa madhehebu ya Shafi, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo humalizika.

Kuhifadhi nafsi na chakula

Sisi watu wa visiwani tunajua maji kujaa na kupwa, na huko pia yapo. Maji yakijaa, njia ya mchangani chini ya magenge hufungwa na watu hunaswa. Karibu na rasi ya Trafalgar mikondo ina nguvu. Upepo wa mashariki uitwao Levante, mfano wa matlai yetu, unaweza kuvuma kwa nguvu siku kadhaa mfululizo. Maji nayo ni ya baridi kuliko yetu hata wakati wa joto. Watoto wasiachwe peke yao.

Jodari wa Barbate ni halali kama samaki wote, lakini mapishi mengi ya huko hutiwa mvinyo, na nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi. Uliza kabla ya kuagiza.

Waliofia hapo

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya utalii hulinyamazia. Mlango wa bahari kati ya Afrika na Hispania una upana wa kilomita 14 hivi pale penye wembamba, na kwa miaka mingi vijana wamekuwa wakiuvuka kwa mashua dhaifu. Mwezi wa Novemba 2018 mashua ya wahamiaji kutoka Moroko ilivunjika miambani karibu na ufukwe huu wa Los Caños de Meca, na zaidi ya watu 20 wakafa. Wengi wao walikuwa vijana waliotafuta riziki.

Muislamu anayekwenda kupunga upepo pale awaombee dua. Na awaeleze wanawe kwamba mchanga huo huo ambao wengine huvulia nguo, wenzao waliletwa na mawimbi wakiwa maiti. Mtoto akilielewa hilo hatahitaji maneno mengi kuhusu stara na kushukuru neema.

Tunamuomba Allah awarehemu waliozama, azihifadhi familia zetu nyumbani na safarini, na atujaalie miongoni mwa wanaochunga macho yao.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.